Barua Iliyolala Siku Kumi na Nne

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Mke wangu ameondoka. Ilikuwa Jumatatu tarehe 3 Machi, saa tatu na robo asubuhi, baada ya miaka kumi na tisa na miezi minne ya ndoa. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu najijua: ningeanza na salamu, ningemalizia na salamu, nikalamba bahasha.

Haya, salamu sasa. Mimi ni mzima wa mwili. Mama hajambo? Magoti yake yanasemaje na mvua hizi? Dawa ya kuchua ikiisha aseme, asinyamaze mpaka ashindwe kuinuka. Kazi zipo. Juzi nimemaliza madirisha kumi na mawili ya zahanati mpya, kila moja vioo sita, jumla sabini na viwili, na hakikuvunjika hata kimoja. Hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo nakuambia wewe.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa mezani nakata kioo cha mita moja na nusu. Akasimama mlangoni na begi, akasema, "Nimeondoka." Hakusema naondoka. Nimeondoka, kama mtu anayesimulia jambo la jana. Sasa wewe unajua, nimekueleza mara mia: ukishaanza mstari kwenye kioo huuachi katikati, ukiuacha kitapasuka kinakotaka chenyewe. Nikamaliza mstari. Ilichukua sekunde nane, labda tisa. Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na hakuna mtu.

Nikadhani ameenda sokoni. Kwa begi lile? Lakini ndivyo nilivyodhani, mpaka saa kumi jioni.

Kabati la nguo limebaki na nafasi tupu ya sentimita tisini na moja. Nimeipima, usinicheke. Nimejaribu kuzitawanya nguo zangu zijaze ule urefu, zinafika katikati tu. Wateja wanaingia, wanaangalia kiti chake pale mbele, wanauliza, "Mama yuko wapi?" Nasema amesafiri. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani akasema, "Basi nitarudi akirudi," akaondoka na vipimo vyake mfukoni. Na mimi nimesimama pale pale! Mwenye karakana, mwenye meza, mwenye kalamu ya almasi ya kukatia kioo, niliyeanza kazi hii nikiokota vipande jalalani na kuvisugua niuze vioo vya kujitazamia. Anasubiri mama arudi.

Sikumpiga. Sikumtukana. Sikuleta mwanamke mwingine. Hajalala njaa kwangu hata siku moja. Nipe kosa moja.

Nakuuliza mawili. La kwanza: unajua alipo? La pili: wewe unakaa nje ya mahakama kila siku na mashine yako ya chapa, umechapa kesi za watu mpaka umekuwa nusu wakili. Mwanamke akiondoka hivi, anaweza kufanya nini kisheria?

Kaka yako,
Rula


20 Machi

Kaka Rula,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumamosi, siku sita kama kawaida. Pole sana, na usiipime pole hii, ipokee tu.

Mama hajambo, anakusalimu. Magoti ni yale yale lakini uso umenawiri. Amesukwa mistari minane, anajitazama kwenye kioo ulichomletea na kusema, "Angekuwepo baba yenu angeniandikia karatasi ya kunisifu." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Unavikumbuka vile vikaratasi? Baba akinuna, wiki tatu haongei na Mama, na sisi ndio posta. "Mpelekee mama yako." Nyama imeungua. Nataka shati jeupe. Wewe ulikuwa tarishi wa kwanza, mimi nikarithi cheo nilipojua kusoma.

Kazi yangu ipo. Mwavuli umetoboka, jua linanipiga bega moja tu, nimekuwa rangi mbili. Nachapa toka saa mbili mpaka wanapofunga geti. Watu wa talaka ni wengi mwaka huu. Wanakuja na hasira ya kurasa ishirini, naichapa kwa nafasi mbili kati ya mistari, wanaisoma, wanashangaa: "Mbona imekuwa fupi hivi?"

Kaka, umeniomba nikupe kosa moja. Niambie kwanza: kabla ya siku ile, mara ya mwisho wewe na wifi kuongea ilikuwa lini? Sisemi kuandikiana. Kuongea. Na usinitajie mstari wala sekunde nane.

La kisheria ni refu, litakuja likihitajika. Kwa sasa kula, na usifanye karakana kuwa chumba cha kulala.

Mdogo wako,
Chiriku


Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini inakukuta salama. Kwenye kifurushi hiki kuna kipande cha turubai, sentimita sitini kwa sitini, shona juu ya tundu la mwavuli. Mwambie Mama namkumbuka. Karakana iko kimya, mteja akiingia nashtuka.

Yamenifika. Jumatatu tarehe 14, saa tano asubuhi, kaja mtu na mkoba.

"Wewe ndiye mwenye karakana?"

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mzee. Natoka mahakamani. Saini hapa."

Nikasoma kwanza, nimesimama. Nikamwambia sisaini.

"Kusaini si kukubali. Ni kuonyesha umepokea tu."

"Si unaona ninazo mkononi? Sahihi ya nini tena?"

Akajiona mara nane kwenye vioo vya ukutani, nadhani akaogopa wingi wake. Akaandika kitu kwenye daftari, akasema, "Una siku thelathini," akaenda zake.

Ni kurasa tatu. Mimi naitwa mjibu maombi. Aliyeondoka yeye, wa kujibu mimi! Anaomba talaka, basi. Haombi nyumba, haombi karakana, haombi hata kiti chake. Mteja asiyesubiri chenji, ana haraka ya kwenda wapi? Miaka kumi na tisa na hataki kuondoka hata na kipande.

Na sababu: eti kuanzia tarehe 29 Julai mwaka jana mpaka siku anaondoka, siku mia mbili na kumi na saba, "mjibu maombi hakumtamkia mleta maombi neno hata moja, bali alikuwa akimwachia vikaratasi." Ameviambatanisha. Aliviweka vyote. Viko mia tatu arobaini na kimoja.

Uliniuliza, nakujibu. Hesabu ya siku ni sahihi, nimeirudia. Tarehe 29 Julai alichukua vipimo vya dirisha la mbele la duka la dawa, akakosea sentimita mbili, na kioo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kukata hakikuingia. Sikumgombeza. Niliona nikifungua mdomo litatoka neno baya, nikaufunga. Siku zikapita, ukawa mgumu kuufungua, kama dirisha lililopakwa rangi likiwa limefungwa.

Lakini "neno hata moja" ni uongo. Tarehe 12 Oktoba alijikata kidole kwenye ukingo wa kioo, nikamwambia, "Pole." Lilikuwa neno. Alilisikia, maana aliinua kichwa. Hilo peke yake linaonyesha ombi lote lina kasoro.

Nimeamua: sisaini kitu, sijibu kitu. Kwangu oda isiyo na sahihi ya mteja haikatwi, kwa sababu kioo kikishakatwa hakiungwi. Mahakama nayo ina akili zake, haitakata bila sahihi yangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ngoja wausikie.

Hukunijibu kama unajua alipo. Na jambo jingine. Nani amemsuka Mama? Wewe tangu utotoni ukigusa kichwa cha mtu anaondoka analia.

Rula


25 Aprili

Kaka Rula,

Shikamoo. Turubai limefika, nimelishona, sasa nina rangi moja. Mama amekula vizuri wiki hii na amegombana na redio.

Kaka, isome barua hii ukiwa umekaa, na uisome leo.

Umekosea, na ni kosa ambalo mtu wa nyumba nyingine asingelifanya. Kwetu kunyamaza kulikuwa kukataa. Baba akinyamaza, jambo limekufa. Mahakamani ni kinyume. Ukipewa karatasi ukanyamaza, wanasema: huyu amesikia na hana la kusema. Sahihi yako haihitajiki. Yule tarishi ameandika kwamba ulipokea ukakataa kusaini, na hiyo inatosha. Siku thelathini zikiisha, yaani tarehe 14 Mei, mleta maombi anaweza kusikilizwa peke yake, upande mmoja, akatoa ushahidi wake bila mtu wa kumbishia, na talaka ikatoka. Inaitwa talaka isiyopingwa. Wewe unadhani umesimama mlangoni umeuziba. Umeufungua, kaka, ukapisha.

Hiyo isiyopingwa ina njia mbili. Moja ndiyo hiyo yako, ya kunyamaza. Ya pili ni ya watu waliokaa wakaongea: wamekubaliana waachane, wamekubaliana nani abaki na nyumba na nani achukue nini, wameandika, wamesaini wote. Hakimu anawauliza maswali machache, anataka kujua kama kuna aliyelazimishwa, anasoma mapatano yao kama ni ya haki. Mara nyingi ni miezi michache tu. Nimechapa za namna hiyo. Watu wanakuja pamoja, wananunua chupa moja ya maji wanapokezana.

Inayopingwa ni pale unapowasilisha majibu kwamba hukubali. Unaweza kuikataa talaka yenyewe. Unaweza pia kuikubali talaka ukapinga kipande tu, mali au watoto au matunzo, na bado itakuwa kesi ya kupingwa kwa kipande hicho. Hapo ndipo wanapoingia mashahidi, viapo na mawakili, na tarehe zinazosogezwa. Vile vikaratasi vitasomwa kimoja kimoja kwa sauti. "Chumvi imeisha." "Nitachelewa." Mia tatu arobaini na kimoja mbele ya watu. Halafu wewe utasimama useme: mheshimiwa, tarehe 12 Oktoba nilisema pole.

Unataka kwenda mbele ya hakimu na neno moja?

Yangu ilikuwa ya kupingwa. Unajua, ingawa hatujawahi kuizungumza. Miaka minne na miezi miwili, tuliahirishwa mara ishirini na tatu. Yule mwanamume hakuwa ananitaka, hakutaka tu nishinde. Nilipohitaji shahidi nilikuandikia. Ulinijibu kurasa mbili za salamu na habari za vioo. Siku ile mlango wa mahakama kila ulipofunguliwa niligeuka.

Basi chagua, ila chagua ukijua. Kama unapinga, majibu yako yawe mahakamani kabla ya tarehe 14 kupita. Kama unakubali, andika kwamba unakubali. Usinyamaze tu.

Kuhusu nywele za Mama, amesukwa na mtu anayejua kusuka.

Chiriku


Jumapili, 18 Mei

Mdogo wangu,

Msalimie Mama. Mimi mzima. Zahanati wamenipa kazi ya milango. Hizo ndizo habari.

Barua yako juu imeandikwa 25 Aprili. Imenifikia Alhamisi, tarehe 15 Mei, siku moja baada ya siku ya mwisho. Nikawalaani watu wa posta, mmoja mmoja na kwa pamoja. Halafu nikageuza bahasha nikatazama muhuri wa huko kwenu: 9 Mei. Kutoka tarehe 9 mpaka 15 ni siku sita. Posta haikuchelewa hata saa moja. Kutoka 25 Aprili mpaka 9 Mei ni siku kumi na nne, na hizo barua ililala kwako. Wewe uliyeniandikia niisome leo.

Ijumaa nikafunga karakana nikaenda mahakamani. Karani anakaa nyuma ya dirisha lenye kioo kilichopasuka, wamekishika kwa gundi ya karatasi. Akalifungua jalada.

"Umechelewa, baba."

"Siku mbili tu."

"Hata ingekuwa dakika mbili. Limepangwa kusikilizwa upande mmoja, tarehe 26 Juni."

"Na kama nina la kusema?"

"Unapinga?"

Nikanyamaza. Akasubiri, akasema, "Baba, hapa ukinyamaza naandika hapana."

"Usiandike kwanza," nikamwambia.

Akanieleza kwamba mlango mdogo bado upo: niombe ruhusa ya kujibu nje ya muda, nitaje sababu ya kuchelewa, na karatasi iwe mezani kwake kabla hawajafunga Ijumaa tarehe 20 Juni. Hakimu anaweza kukubali au kukataa. Nikauliza sababu gani zinakubalika. "Ugonjwa. Msiba. Kutopata taarifa." Nikauliza, "Na dada kukalia barua?" Akadhani nafanya mzaha, akacheka. Nikacheka naye. Ni mara ya kwanza mwaka huu, na haikuwa ya kuchekesha.

Akaniambia jingine ambalo sikumuuliza. Mleta maombi alileta karatasi mwenyewe, tarehe 8 Aprili, akakaa kwenye benchi la nje karibu asubuhi nzima akisubiri muhuri. Kutoka benchi lile mpaka mlango wa karakana yangu ni hatua mia sita na arobaini. Nimezihesabu kwenda na kurudi. Alikuwa hapa mjini. Mimi nilikuwa natia vioo kwenye kabati la mtu.

Nilipofika nyumbani nikazitoa zile kurasa tatu. Hazina kosa hata moja. Nafasi mbili kati ya mistari. Namjua mchapaji mmoja tu asiyefuta.

Yuko kwako. Sikuulizi, nakuambia.

Rula


27 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama ana mafua, si ya kutisha, anayatumia kuagiza chai kila baada ya nusu saa.

Ndiyo, yuko kwangu. Alifika tarehe 4 Machi. Barua yako ya kwanza ilipokuja alikuwa anamchemshia Mama maji ya kuoga. Aliuona mwandiko kwenye bahasha akaniambia, "Usinisomee." Sikumsomea ile wala nyingine.

Ndiyo, nimechapa mimi. Alianza kwa mchapaji wa meza ya jirani ili asiniweke katikati, na yule bwana ana makosa matatu kila mstari. Nikamwambia, "Wifi, lete hapa, aibu hiyo." Nilichapa kana kwamba nachapa ya mgeni. Nilipofika kwenye vikaratasi nikasimama. Nilimwona Baba, kaka. Mwandiko ni wako, lakini ile "Nahitaji" isiyo na jina la mtu, ile ni ya Baba.

Hasemi vibaya juu yako. Hasemi juu yako kabisa. Anaongea na Mama tangu asubuhi mpaka jioni, mambo ya hivi hivi tu, bei ya sabuni, paka wa jirani. Anasuka wanawake wa mtaa huu barazani. Ila mtu wa posta anapopita, mikono yake inasimama kwenye kichwa cha mtu mpaka apite. Kisha anaendelea.

Zile siku kumi na nne. Barua niliiandika kwa siku moja, nikaibandika stempu, ikabaki. Humu ndani tulijua ungepinga. Ungepinga kwa sababu ya lile neno moja la Oktoba, uende ukalithibitishe, na miaka minne ingepita watu wamekaa kwenye benchi. Mimi nimelikalia benchi hilo. Najua lina misumari wapi. Tarehe 9 Mei niliipeleka posta, na nilijua itafika lini. Si wewe peke yako unayejua kuhesabu.

Usiniulize zaidi ya hapo. Kuna mengine si yangu kuyasema.

Nikitazama nyuma naona sikukutendea haki. Nikitazama nyuma zaidi naona wewe pia.

Chiriku


Jumapili, 8 Juni

Mdogo wangu Chiriku,

Nimetuma dawa ya mafua ya Mama kwa basi, kifurushi kina jina lako, kichukue kabla hawajakipoteza. Mwambie chai yenye sukari nyingi si dawa. Hapa kazi za milango ya zahanati zimeisha. Jumatano nilikwenda kubadilisha kioo cha dirisha la karani. Hakuniita mtu. Nilikuwa nimeshakipima kwa macho, nikakosea milimita tatu tu.

Sasa lile uliloliandika. Barua yako ya kunitaka shahidi ninayo mpaka leo. Nilikata tiketi. Nilifika kituoni, nikakaa nusu saa nzima na begi mapajani, nikarudi karakanani. Nilijua nitasimamishwa, nitaulizwa kwa sauti mbele ya watu, na midomo yangu haitafunguka. Nikakuandikia habari za vioo. Ulikuwa unageuka kila mlango ukifunguliwa na mimi nilikuwa nimekaa nakata vipande vya fremu za picha. Sina maelezo yanayotosha. Nisamehe.

Nyumba hii, mdogo wangu, ni kubwa kuliko nilivyoijenga. Ukuta wa sebuleni ni mita nne na robo, na zamani nilikuwa naona umebana. Nimekuwa najizoeza. Asubuhi nasema "habari za asubuhi" kwa sauti, hakuna mtu, nasema hivyo hivyo. Jana mteja kaingia nikamwambia, "Karibu, mama, keti." Alinitazama akaangalia nyuma yake, kama kuna mtu mwingine aliyesema.

Nimetayarisha karatasi mbili, ziko juu ya meza ya kukatia, nimezibana na kipande cha marumaru zisipeperuke.

Ya kwanza ni ya kukubali. Nimeandika kwamba sipingi talaka, na kwamba ingawa mleta maombi hakuomba kitu, nyumba tulijenga wawili na naomba apate nusu yake. Hiyo nikiisaini na yeye akisaini, yanakuwa mapatano, kama wale wa chupa moja ya maji.

Ya pili ni ile ya kuomba ruhusa ya kujibu nje ya muda. Usiogope, sitaki kushinda. Siutaki tena ule ubishi wa tarehe 12 Oktoba, nimeufuta mwenyewe. Nataka tu niwe chumba kimoja naye, hakimu aniulize kilichotokea, na nijibu kwa mdomo wangu, yeye akiwa anasikia. Hata ikinichukua siku nzima kulitoa neno. Baada ya hapo achukue talaka yake.

Siwezi kupeleka zote mbili, na siwezi kuchagua, kwa sababu ya kitu kimoja ulichokiruka. Umeandika "humu ndani tulijua." Umeandika barua "ikabaki." Barua haibaki, mdogo wangu. Mtu huibakiza.

Kama ni yeye aliyekuambia uishikilie, basi anajua nilikuwa nataka kusema na hataki kunisikia. Hiyo ni haki yake. Ijumaa tarehe 20 asubuhi nitapeleka karatasi ya kwanza, na sitamfuata, wala sitamuuliza mtu habari zake tena.

Kama ni wewe peke yako, basi yeye hajui. Hajui kwamba nilikosea sheria, hajui kwamba nilikwenda mahakamani, hajui kwamba nilimwambia karani asiandike kwanza. Anachojua ni kwamba nilipewa siku thelathini na nikanyamaza tena, kwa kupenda, kama siku zile zote. Na mikono inayosimama mtu wa posta akipita, inasubiri. Hilo siwezi kuliacha likae hivyo. Nitapeleka ya pili, hata kama talaka inatoka siku hiyo hiyo.

Usinieleze. Usiniandikie magoti ya Mama wala misumari ya benchi. Usimuulize yeye unijibu nini, maana wewe unajua. Barua yako haitawahi. Nenda posta, tuma telegramu, neno moja, YEYE au MIMI, inifikie kabla ya saa sita mchana, Alhamisi tarehe 19 Juni.

Nani aliibakiza ile barua?

Rula